Pikipiki Iliyosahau Kwenda Polepole

Callistus Wabwire alipewa kazi ya kuendesha pikipiki kwa sababu alikuwa mtu wa polepole. Bwana Methuselah, wakala wa forodha mwenye ofisi Busia na kibanda Malaba, alimwambia hivyo bila kumficha. Vijana aliowaajiri kabla yake walikuwa wameangusha pikipiki, na mmoja wao aliangusha mpaka mkoba wa makaratasi kwenye mfereji wa maji. "Mimi sitaki shujaa," Methuselah alisema. "Nataka mtu mwenye bibi na watoto, mtu ambaye anataka kufika nyumbani."

Callistus alikuwa mtu huyo. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha trekta ya kiwanda cha pamba, na trekta humfundisha mtu subira hata kama hakuzaliwa nayo. Alikuwa na mke, Amongin, binti wa Kiteso kutoka Amukura, na binti mkubwa aliyeitwa Rael, na wengine nyuma yake. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Malori yalingoja Malaba, lakini makaratasi ya mizigo fulani yalipigwa mhuri Busia. Asubuhi Callistus aliyachukua mhuri ukiwa haujakauka, akayatia kwenye mkoba wa turubai, akauvaa mgongoni na kupita njia ya udongo wa murram ya Amukura mpaka Malaba. Mchana alirudi kuchukua mengine.

Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, ya silinda mbili, tanki la buluu. Ilikuwa na mita mbili mbele, moja ya mwendo na moja ya kuonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Hiyo ya pili Callistus hakuiangalia. Injini yenyewe ilimwambia. Ukiikaza sana kwenye giya ndogo, sindano ikikaribia elfu tisa, ilianza kupiga kwikwi kama mtoto aliyekula haraka, nguvu ikakatika, na wewe ukajua ni wakati wa kubadilisha giya. Hakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Jumamosi alimbeba Amongin mpaka kwao. Amongin alikaa upande, beseni la mihogo mikavu mapajani, na kwenye kilima kidogo cha kuingia Amukura pikipiki ilipanda ikinong'ona tu, hata kuku wa njiani hawakushtuka. Callistus alimshusha mbali kidogo na lango la wakwe zake, kama heshima inavyotaka, akaenda kungoja hotelini sokoni, akanywa chai. Miaka ile mitatu ya kwanza, ukimuuliza, angekuambia kazi yake ni nzuri.

Halafu mwanzoni mwa mwaka wa sabini na nne akaja Lazarus. Huyu alikuwa wakala mpya, mwenye suti na maneno mengi, na alifungua ofisi yake karibu na ya Methuselah. Alinunua pikipiki ya aina ileile, akamweka juu yake mtu wa Rukala aliyeitwa Kizito, mwembamba kama ufito. Nyumba ya Kizito ilichukuliwa na maji ya mto Nzoia, ndiyo maana alikuwa tayari kufanya kazi yoyote. Kuanzia hapo, makaratasi ya nani yamefika Malaba kwanza likawa jambo kubwa. Aliyetangulia aliingiza malori yake kwenye foleni mbele, na matajiri wa malori huko Mombasa walisikia. Methuselah, aliyesema hataki shujaa, akaanza kusimama mlangoni na kuuliza, "Leo nani alifika?"

Callistus alikuwa akifika wa pili.

Fundi wa pikipiki pale Malaba alikuwa Vitalis. Alijifunza ufundi Kampala, kwenye gereji ya Mhindi mmoja aliyekuwa akishindana mbio za pikipiki, na mwaka wa sabini na mbili Wahindi walipofukuzwa Uganda, Vitalis alivuka mpaka na sanduku la spana na kopo la maziwa lililojaa vipuri vidogo. Alijua namna ya kuifanya injini itoe kile ambacho walioiunda hawakukusudia itoe. Methuselah aliposikia hayo, alimpelekea pikipiki.

Kwanza ilikuwa ni bomba la moshi na kabureta tu. Vitalis alitoa bomba la zamani akafunga lililo wazi zaidi, akapanua tundu za petroli ili injini ipumue. Pikipiki ikaanza kubweka. Callistus alifika wa kwanza kwa wiki moja, halafu Kizito naye akatokea na bomba la namna ile. Vitalis hakuficha. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara, na yeyote aliyetaka kuona ni pikipiki ya nani imelala pale angeiona. Methuselah akaagiza hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, itolewe, ikerezwe chini kidogo, ili hewa na petroli vibanwe zaidi. Lazarus akaagiza vivyo hivyo.

Siku moja mvua kubwa iliwakuta waendeshaji wote wawili Amukura. Wakajikinga kwenye hoteli ileile, mikoba miwili ya turubai imewekwa mezani, kila mmoja akiangalia wake. Mvua haikuwa na haraka. Mwishowe Kizito ndiye aliyesema.

"Mzee, wewe hujachoka?"

Callistus alimtazama. Walikuwa wamekimbizana karibu mwaka mzima, na hakuwahi kusikia sauti yake ila kwenye pikipiki.

"Nimechoka mpaka mifupa inajua," akasema.

"Mimi usiku nalala, mikono bado inatetemeka. Bibi ananiuliza, unaota nini? Namwambia siota, ni barabara."

"Wangu ananiambia nimekuwa kiziwi. Anaita mara tatu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka sana. Kizito alizungusha kikombe chake. "Sasa hawa wakubwa wetu wanataka nini? Leo ukitangulia, kesho mimi napigiwa kelele. Nikitangulia, wewe unapigiwa. Hakuna siku watu wawili watakuwa wa kwanza."

"Ni kweli."

"Basi leo tangulia wewe. Kesho nitangulie mimi. Tukutane hapa, tunywe chai, tuende polepole. Karibu na Malaba ndiyo mmoja apite mbele."

Callistus hakuwa mtu wa hila. Lakini alipofikiri hakuona nani ameibiwa. Akanyoosha mkono juu ya mikoba, Kizito akaushika.

Kiangazi chote kile waliishi hivyo. Walikutana Amukura, wakanywa chai, wakaendelea pamoja kama watu wanaokwenda matanga ya mbali. Callistus alimweleza Kizito juu ya Rael, aliyekuwa akisoma vizuri hesabu. Kizito alimweleza namna mto unavyoingia nyumbani: hauji na kelele, unauona tu chini ya kitanda. Mmoja akitangulia leo, kesho mwenzake. Malaba hakuna aliyejua. Ilikuwa kazi ya kuchosha bado, maana barabara haikuwa imelainika, lakini uchovu wa watu wawili ni nusu ya uchovu.

Kilichowaponza ni kwamba mambo yalilingana mno. Methuselah alikaa na kutafakari, leo sisi, kesho wao, leo sisi, kesho wao, na hakufikiri kwamba waendeshaji wamepatana. Alifikiri pikipiki zimelingana. "Tunatoshana nguvu," alimwambia Callistus kwa furaha ya mtu aliyegundua ugonjwa. "Sasa tuwaache nyuma." Akampa ruhusa Vitalis afanye lolote. Callistus angeweza kusema kitu siku ile. Angeanzia wapi?

Alikaa kwenye gereji asubuhi nzima akimtazama Vitalis akifungua kopo lake la maziwa. Humo mlikuwa na springi za vali, vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi, springi fupi na ngumu alizokuja nazo kutoka Kampala. Kando yake palikuwa na kemu, kile chuma chenye vinundu kinachosukuma vali zifunguke, ambacho Vitalis alikuwa amekichonga upya ili vali zifunguke zaidi na zikae wazi zaidi.

"Hizi springi za nini?" Callistus aliuliza.

"Ile kwikwi unasikia ukikaza sana, unajua ni nini?" Vitalis alisema bila kuinua kichwa. "Kemu inasukuma vali ifunguke, springi inairudisha. Sasa injini ikizunguka mbio kupita kiasi, springi inachelewa. Vali haijafunga na imeitwa tena. Inaelea tu. Nguvu inapotea. Hapo ndipo mwisho wake. Nikiweka springi ngumu, haichelewi. Inaenda elfu kumi, inapita."

"Kwa hiyo haitapiga kwikwi tena."

"Haitapiga."

"Sasa nitajuaje imefika mwisho?"

Vitalis aliweka chini spana. Alikuwa na macho mekundu, ya mtu anayefanya kazi nyingi kuliko mchana wake. "Ndiyo shida yenyewe, mzee. Kule juu nimeimarisha. Huku chini, krenki na konrodi zinazobeba pistoni ni zilezile za kiwanda. Na hedi tuliikereza, pistoni imesogea karibu na vali. Nimepima, nafasi iliyobaki ni kama ukucha. Itaenda mbio, lakini haitakuambia basi."

"Basi usiweke. Iachie kwikwi yake."

"Si pikipiki yako, na si yangu. Nikikataa, boss wako ataipeleka Bungoma, na huko kuna watu wanakereza hedi kwa kukadiria na macho." Akachukua kijiti chenye rangi nyekundu, akachora mstari mwembamba kwenye kioo cha mita ya pili. "Usivuke hapa. Na sikiliza jambo moja tena. Mkono wako naweza kuuchorea mstari. Mteremko siwezi. Ukiwa mbio ukarudisha giya ya chini sana, gurudumu ndilo linazungusha injini, si petroli. Hapo hata ukifunga mkono, haikusikii."

Ya Kizito ilifanyiwa yaleyale baada ya siku chache.

Kweli pikipiki ilikuwa mbio. Lakini nguvu zake zote zilikuwa zimehamia juu. Chini ya elfu tano ilikuwa kama ng'ombe aliyelala. Unaipa petroli, inakohoa. Halafu ghafla, sindano ikipita hapo, iliruka mbele na kukuvuta mabega. Katikati hapakuwa na kitu. Kwenye matope ilibidi aikaze hata pale ambapo akili ilimwambia aende taratibu, na gurudumu la nyuma likawa linacheza kama mkia. Akienda polepole kwa muda, plagi zililowa petroli na injini ikazima, naye akasimama katikati ya njia akizifungua na kuzikausha kwa shati. Mtikisiko ulipanda kwenye usukani, ukaingia viganjani, ukakaa humo. Jioni alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto.

Jumamosi alijaribu kumpeleka Amongin kwao. Kwenye kile kilima cha Amukura pikipiki ilikohoa, ikazima. Akaiwasha, ikaruka mbele, beseni likamwagika, ikazima tena. Amongin alishuka, akaokota mihogo yake mmoja mmoja, akaifuta vumbi kwa leso.

"Baba Rael," alisema, "hii si pikipiki yetu."

"Ni ileile, mama."

"Si ile. Ile ilikuwa inajua kutembea." Akajitwika beseni, akapanda kilima kwa miguu. Callistus alibaki pale na plagi mkononi, na hakukumbuka kama aliwahi kujisikia mtu asiye na faida kama siku ile.

Mapatano na Kizito yaliendelea, lakini utamu uliisha. Hawakuweza tena kwenda taratibu bega kwa bega, kwa maana mashine hazikutaka. Walikimbia mpaka Amukura, wakakaa hotelini kupoteza wakati waliouokoa, halafu wakakimbia tena. Mara nyingi Kizito aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Callistus alitazama mikono yake.

Mvua za masika za mwaka wa sabini na tano zilipoanza, malori yalikuwa yamejaa Malaba mpaka nje ya mji, na kila wakala alitaka safari zaidi. Siku moja walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi, na hii ilikuwa safari ya mchana. Zamu ya kutangulia ilikuwa ya Callistus. Baada ya Amukura kuna mteremko mrefu unaoshukia daraja dogo. Aliingia kwenye mteremko ule kwa giya ya juu, njia imekauka kidogo, Kizito nyuma yake kwa mbali. Chini, darajani, aliona mikokoteni ya ng'ombe. Alitaka kupunguza. Alirudisha giya moja, au alidhani ni moja. Mguu ulikuwa na ganzi tangu asubuhi, na giya ilikuwa imeingia bila yeye kuisikia. Akakanyaga tena. Akaachia klachi.

Alisema baadaye kwamba alifunga mkono wa petroli kabisa. Kabisa. Lakini sindano ilipanda peke yake, ikauvuka mstari mwekundu na kufika mahali ambapo hapakuwa na namba, na injini ikapiga ukelele ambao hajawahi kuusikia. Halafu kishindo kimoja cha chuma. Gurudumu la nyuma likakwama, pikipiki ikalala ubavu, na Callistus akaiona barabara ikimjia begani.

Kizito alimkuta amekaa mferejini, amejipakata mkono. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na uso umechubuka upande mmoja, lakini akili ilikuwepo. Pikipiki ilikuwa ikivuja mafuta meusi, na moshi mdogo ukitoka kwenye injini.

"Mzee! Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia. Nenda, utachelewa."

"Nichelewe wapi?" Kizito alisema kwa hasira iliyokaribia kilio. Aliwaita wenye mikokoteni wakaja, wakamsaidia kumpandisha, wakakubali kumfikisha barabara kuu atafutiwe gari la kumpeleka hospitali. Kisha Kizito akaufungua mkoba wa turubai uliokuwa bado mgongoni mwa Callistus, taratibu, kamba moja kisha nyingine, asimguse bega.

"Unafanya nini?"

"Zamu ni yako," alisema Kizito. Akauvaa mkoba wa Methuselah mgongoni, wake akauvaa kifuani, akaondoka.

Alifika Malaba akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Methuselah, akakabidhi makaratasi. Ndipo akatembea kwenda kibanda cha Lazarus. Watu wa Lazarus walimwona waziwazi. Hakujaribu kueleza. Jioni ile hakuwa na kazi.

Methuselah alimjia Callistus hospitalini siku iliyofuata. Alileta ndizi na mkate, akakaa kwenye kistuli, kofia juu ya goti. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amechoka, kwa namna yake, na shavu lake lilikuwa halijanyolewa.

"Pole sana, Callistus. Ulikuwa mbio sana?"

"Hapana, boss. Nilikuwa napunguza."

Methuselah alingoja aendelee. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na Callistus hakujua namna nyingine ya kulisema. "Kizito amefukuzwa," akasema badala yake. "Ungempa kazi." Methuselah aliitazama kofia yake, akasema ataona. Hakuona.

Bega liliposhika, Callistus alipita kwa Vitalis. Injini ilikuwa imefunguliwa juu ya gunia. Vali mbili zilikuwa zimepinda kama kulabu, na pistoni moja imetobolewa. Mnyororo wa kemu ulikuwa umekatika vipande. Vitalis aliokota springi mojawapo, akaibana kati ya vidole, ikaruka nzima.

"Hizi ziko sawa," alisema. Hakuonekana kufurahi. "Zilifanya kazi yake mpaka mwisho." Akairudisha kwenye kopo, akafunika, akakaa juu ya sanduku lake la spana. "Mzee, mimi nilikuambia, sivyo?"

"Uliniambia."

"Nilikuambia, na bado nikafunga bolti."

"Na mimi nikapanda," alisema Callistus. Malori yalikuwa yakipita nje, na mteja mwingine akaja na pikipiki yenye bomba lililotoboka.

Ile ya buluu haikutengenezwa tena. Methuselah alinunua pikapu, Lazarus naye akanunua pikapu, wakaanza upya, mbio zilezile kwa magurudumu manne, na madereva wapya ambao Callistus hakujifunza majina yao. Yeye alipewa kazi Malaba, ya kutembea kwenye foleni na kuwaambia madereva makaratasi ya nani yamefika na ya nani bado. Ni kazi ya miguu. Jioni alipanda lolote lililokuwa likienda upande wa nyumbani, na Amongin aliacha kumwita mara tatu, kwa maana masikio yalianza kurudi, ingawa si yote mawili.

Callistus alikutana na Kizito tena mwaka uliofuata. Kizito sasa alikuwa turniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la saruji la kwenda Kampala, na foleni ilikuwa haisogei. Alimwita kutoka chini ya lori, ambako alikuwa ametandika gunia kivulini. Callistus aliinama kwa shida, akaingia humo naye, wakakaa wakiwa wameegemea gurudumu. Callistus alinunua chai kwa mama aliyekuwa akipita na birika.

"Bega?" Kizito aliuliza.

"Linatabiri mvua. Na Rukala?"

"Tulijenga tena, juu kidogo ya pale. Maji yakija, yatachukua siku moja zaidi kutufikia." Akacheka kile kicheko chake kifupi. "Rael?"

"Yuko sekondari."

"Yule wa hesabu."

"Ndiye huyo."

Callistus alitaka kumwambia neno kuhusu ule mkoba aliompelekea. Miezi yote ile alikuwa amelipanga neno hilo, alilisema peke yake akitembea kati ya malori, mara hivi, mara vile. Sasa alipogeuka kulisema, Kizito alikuwa amekwisha lala, kikombe kimesimama tumboni, mdomo wazi kidogo, kama mtu ambaye amekuwa akicheleweshewa usingizi wake tangu zamani. Callistus alikitoa kikombe polepole kisimwagike. Akakaa hapo kidogo kwenye kivuli, akanywa chai ya wote wawili, kisha akajivuta nje kwa mkono mzuri, maana dereva wa lori la mbele alikuwa akiita kuuliza kama makaratasi yake yamefika.

Yalikuwa bado. Callistus akaenda kumwambia.